Adabu ya Baraza Katika Ukambani

Msomaji, neno baraza umelizoea tangu utoto wako. Husikia kwamba chifu ameita baraza, au kwamba wazee wamo barazani, nawe huelewa kuwa watu wamekutana ili kunena. Lakini asili ya neno hili ni kiti. Katika miji ya pwani, kama vile Lamu, Mombasa na Unguja, baraza ni kikalio cha mawe na chokaa kilichojengwa mbele ya nyumba. Hapo wanaume huketi jioni kupashana habari, na mgeni asiye wa jamaa hupokewa hapo bila ya kuingia ndani. Kutoka kwenye kikalio, neno likahamia kwa watu waliokikalia, na kutoka kwao likahamia kwenye shauri wanalolikata. Baadaye likapanda bara pamoja na misafara na serikali, likafika katika nchi kavu ya Wakamba, mbali na bahari. Huko lilikuta jambo linalofanana na baraza, nalo lilikuwa na jina lake lenyewe: thome.

Insha hii inakueleza habari za thome na za baraza, na za mikutano mingine iliyofuata katika Kitui na Makueni. Kila mkutano ulikuwa na adabu yake. Mara nyingi ugomvi ulizuka kwa kuwa mtu alichukua adabu ya mkutano mmoja akaingia nayo katika mwingine, akaonekana mjeuri ingawa kwao alikuwa mstaarabu. Ukilishika jambo hili utaelewa mengi katika historia ya nchi yetu, na utaelewa pia baadhi ya magomvi unayoyasoma leo katika simu.

Kitui na Makueni ni kaunti mbili zilizo mashariki na kusini-mashariki ya Nairobi. Ziliundwa kwa Katiba ya mwaka 2010, na serikali zake zikaanza kazi mwaka 2013. Hapo kale Makueni ilikuwa sehemu ya wilaya ya Machakos, ikafanywa wilaya peke yake mwaka 1992. Wakamba wa nchi hizi hawakuwa na mfalme. Johann Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani, alipofika Kitui mwaka 1849, mwenyeji wake alikuwa Kivoi, mfanyabiashara mashuhuri ambaye misafara yake ilifika mpaka pwani. Ni katika safari hiyo Krapf alipouona mlima Kenya kwa mbali, tarehe 3 Desemba. Kivoi alikuwa na mali, sifa na wafuasi wengi, lakini hakuwa na kiti cha enzi. Neno lake lilikuwa na nguvu kwa kadiri watu walivyokubali kulisikiliza. Katika nchi ya namna hiyo mashauri hukatwa kwa maneno, na mahali ambapo maneno ndiyo yakatayo mashauri, adabu ya kunena ni sehemu ya utawala wenyewe.

Thome ni uwanja mdogo ulio nje ya lango la boma, ambapo moto huwashwa na wanaume huketi jioni. Mzee alikalia kigoda chake. Mvulana alikaa pembeni, akachochea moto, akatumwa huku na huku, akasikiliza. Kwa kusikiliza alijifunza nasaba ya ukoo wake, madeni ya ng'ombe na mbuzi, mafumbo na methali za kabila lake. Mvulana huyo hakukatazwa kuwa na akili, alikatazwa kutangulia. Siku yake ya kunena ilikuwapo, ila ilikuwa mbele.

Mashauri makubwa ya jirani, au utui kama wasemavyo Wakamba, yalipelekwa mbele ya nzama, yaani halmashauri ya wazee. Kufika huko kulikuwa na ngazi. Kwanza mtu alikuwa miongoni mwa anake, vijana wenye nguvu; kisha akawa nthele, mtu aliyekwisha oa; kisha akaingia katika daraja za atumia, wazee. Kupanda ngazi kulimgharimu mbuzi na pombe kwa waliomtangulia. Basi mzee aliyesimama kunena katika nzama alikuwa mtu anayejulikana kwa jina, kwa ukoo na kwa mali aliyoitoa. Mdai alisikilizwa, mdaiwa akasikilizwa, na wazee wakaenda kando kunong'onezana kabla ya kutoa neno lao. Kama ukweli haukuonekana, waliweza kuleta kithitu, chombo cha kiapo kilichoogopwa sana, kwa kuwa watu waliamini kwamba humwua mwongo na jamaa zake. Habari hizi ziliandikwa na watu kama Charles Dundas, afisa wa serikali aliyetumikia Kitui, na Gerhard Lindblom, mtaalamu Mswidi aliyekaa Ukambani miaka michache kabla ya vita vya 1914.

Palikuwa na adabu nyingine pia, ambayo Wakamba huiita nthoni. Mwanamume na mama mkwe wake hawakukutana ana kwa ana. Wakionana njiani, mmoja alipisha. Mgeni asiyejua angesema kwamba hao wawili ni maadui, kumbe wanaheshimiana kupita kiasi. Hali vijana wa rika moja walitaniana kwa maneno ambayo, kama mmoja wao angeyasema mbele ya mkwewe, angeona haya maisha yake yote. Hivyo maneno yenyewe hayakuwa na ubaya wala wema peke yake. Yalikuwa na mahali pake.

Na mahali palibadilika kutoka kabila hadi kabila. Mkamba akisema mutumia, amaanisha mzee wa kiume. Jirani yake Mkikuyu akitamka neno lililo karibu sawa na hilo, amaanisha mwanamke aliyeolewa. Fikiri mtu anayetoka upande mmoja na kumwamkia mzee wa upande wa pili kwa neno hilo, akidhani amemtukuza! Makabila haya mawili ni ndugu kwa lugha, na hata hivyo neno la heshima la mmoja ni mzaha kwa mwenziwe.

Usidhani lakini, msomaji, kwamba adabu ya kale ilikuwa kamili. Mwanamke hakuketi thomeni wala katika nzama. Wanawake wazee walikuwa na sehemu yao mahali pa kutambikia, hasa mvua ilipokosa, lakini shauri la ardhi au ng'ombe liliweza kukatwa bila ya sauti yao kusikika, ijapokuwa wao ndio waliolima. Tena ilikuwapo adhabu iliyoitwa king'ole, ambayo kwayo watu walikusanyika kumwua aliyehukumiwa kuwa mchawi au mwizi sugu. Hata adhabu hiyo ilikuwa na taratibu zake: jamaa wa karibu wa mshtakiwa alitakiwa kukubali kwanza. Hapa pana funzo zito. Taratibu zaweza kufuatwa zote, kila mtu akanena kwa zamu yake, na bado mtu asiye na hatia akafa. Adabu huzuia fujo. Haizuii dhuluma kama wanaodhulumiwa hawana nafasi ya kunena.

Mwisho wa karne ya 19 Waingereza waliingia Ukambani. Walitafuta machifu mahali ambapo hapakuwa na machifu, na walipowakosa wakawaweka. Ndipo neno baraza lilipopata maana mpya. Baraza la pwani lilikuwa kikalio cha majirani; thome lilikuwa moto wa wenye boma; baraza la Bwana D.C. lilikuwa mkutano ulioitwa na mtu mmoja, siku aliyoichagua yeye, kwa jambo alilolijua yeye. Watu walikuja kuambiwa. Mkalimani alisimama katikati, na kila neno likapita katika kinywa chake. Tangu miaka ya 1920 yaliundwa pia mabaraza ya wenyeji katika wilaya, lakini mwenyekiti wake alikuwa mkuu wa wilaya.

Ona basi jinsi adabu mbili zinavyoweza kugongana. Kwa mtu aliyelelewa thomeni, jambo zito halijibiwi papo hapo. Hubebwa, likanong'onwa, kisha likarudishwa. Kunyamaza kwake ni kufikiri. Kwa afisa aliye na haraka ya kumaliza baraza na kuandika taarifa, kunyamaza ni kukubali. Mmoja huondoka akidhani shauri halijaanza, na mwenziwe huondoka akidhani limekwisha.

Mgongano mkubwa ulitokea mwaka 1938. Serikali iliona kwamba ng'ombe wamekuwa wengi mno kwa ardhi ya wilaya ya Machakos, ambayo wakati ule ilichanganya na nchi ya Makueni ya leo, na kwamba udongo unachukuliwa na maji. Ikaamuru mifugo ipunguzwe kwa nguvu. Ng'ombe wa watu wakakamatwa na kuuzwa, na palikuwapo kiwanda kipya cha nyama huko Athi River kilichowahitaji. Kwa Mkamba, ng'ombe alikuwa mahari, akiba na jina la nyumba. Watu wakaunda chama chao, Ukamba Members Association, na kiongozi wao akawa Samuel Muindi Mbingu. Mwezi Julai watu wengi, wanaume na wanawake na watoto, walitoka Machakos kwa miguu mpaka Nairobi, wakaketi Kariokor kwa majuma kadhaa. Walitaka kumwona Gavana mwenyewe.

Maafisa waliona huo ni utovu wa adabu: raia amempita mkuu wake wa wilaya, akaenda kukaa mlangoni kwa mkubwa zaidi. Lakini litazame jambo hilo kwa macho ya mtu wa thome. Mwenye shauri huenda penye mwenye kulikata, huketi, hungoja, wala hapigi mtu. Jambo moja lilikuwa jipya kwa pande zote mbili: wanawake walikuwamo katika safari hiyo, wameketi pamoja na wanaume katika shauri la ng'ombe. Mwishoni Gavana, Robert Brooke-Popham, alikwenda Machakos kufanya baraza na watu. Muindi Mbingu alikamatwa na kupelekwa Lamu, lakini kupunguza mifugo kwa nguvu kuliachwa. Leo barabara moja katikati ya Nairobi ina jina lake.

Baada ya hapo nafasi ya wanawake ilikua kwa njia nyingine, isiyo na kelele. Wakamba walikuwa na mwethya, desturi ya majirani kukusanyika kumsaidia mmoja wao kulima au kujenga. Katika miaka ya 1950 vikundi vya mwethya vilitumiwa kuchimba matuta ya kuzuia udongo katika vilima vya Machakos, na wengi wa waliofanya kazi hiyo walikuwa wanawake, kwa kuwa wanaume wengi walikuwa wamekwenda kazini mijini. Vikundi vilihitaji viongozi, na viongozi walihitaji kunena. Mwanamke aliyegawa kazi asubuhi hakuweza kuambiwa jioni kwamba hana neno. Hivyo mkutano mpya ulizaliwa shambani, nao ukawa na adabu yake: kufika mapema, kufanya sehemu yako, na kusikilizwa kwa ajili ya kazi yako badala ya umri wako.

Uhuru ulikuja mwaka 1963, lakini baraza la chifu liliendelea kuwa hasa mahali pa kuambiwa. Katiba ya 2010 ilibadili msingi huo. Katika kifungu cha 10 iliweka ushiriki wa wananchi kuwa mmojawapo wa misingi ya utawala. Kaunti ya Makueni, chini ya Gavana wake wa kwanza, Kivutha Kibwana, aliyetawala tangu 2013 hadi 2022, ilijulikana kwa kulichukua neno hilo kwa dhati. Mikutano ya kuchagua miradi ilianzia vijijini, ikapanda mpaka kata, mpaka kaunti nzima. Mjane, kijana, na mzee wa ukoo waliketi katika mkutano mmoja, na kila mmoja akawa na sauti moja.

Hata hivyo Makueni hiyo hiyo ilitupa onyo. Gavana na bunge la kaunti waligombana juu ya bajeti. Kila upande ulisema una sheria mkononi, na kila upande ukashika desturi ya chumba chake. Mwezi Septemba 2014 ugomvi ulifika mpaka risasi zikalia katika ofisi za serikali ya kaunti huko Wote, na watu wakajeruhiwa. Wananchi walitia sahihi maombi kwamba serikali nzima ya kaunti ivunjwe. Tume ikaundwa, ikapendekeza ivunjwe. Mwaka 2015 Rais Uhuru Kenyatta akakataa, na pande zote zikalazimika kuendelea kuishi pamoja. Ukumbuke kwamba waliogombana hivyo walikuwa watu wazima, wasomi, wenye kanuni zilizochapishwa. Kanuni huonyesha nani aanze kunena, lakini nia ya kusikiliza haitoki katika kitabu cha kanuni.

Sasa twafika katika mkutano wa mwisho, ambao huna haja ya kutembea ili uuhudhurie. Tangu simu zilipoenea, kijiji cha Kitui au Makueni chaweza kuwa na kundi la WhatsApp la kuchangia mazishi, la kulipia maji, la wazazi wa shule, au la ukoo mzima. Ndani ya kundi moja yumo babu, yumo mjukuu aliye shuleni, yumo mkwe na mama mkwe wake, yumo naibu wa chifu, na yumo ndugu aliye Nairobi au Dubai. Watu ambao zamani waligawanywa katika thome, jiko, shamba na uwanja wa ngoma wamewekwa katika chumba kimoja kisicho na viti. Kijana huandika utani wa rika lake, nao husomwa na mkwewe. Mtu wa mjini hujibu upesi, naye huudhika asipojibiwa, maana simu imemwonyesha kwamba ujumbe wake umesomwa. Mzee aliyeusoma angali akilifikiri jambo. Je, hukumbuki baraza la Bwana D.C.? Kunyamaza kule kule kunasomwa vibaya tena.

Na madhara yaweza kuwa makubwa kuliko kuudhika. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, nchi yetu ilipoingia katika mauaji, maneno ya chuki yalienea kwa simu na katika mtandao. Jukwaa moja la Wakenya lililoitwa Mashada, lililoendeshwa na David Kobia, Mkenya aliyekuwa Marekani, lilijaa matusi ya kikabila hata akalifunga mwezi Januari 2008. Akafungua mahali pengine pa kuandika maneno ya umoja. Alifanya kama mwenye boma anayeuzima moto wa thome kuliko kuacha uunguze nyumba. Mwaka huo huo Bunge lilipitisha sheria ya utangamano wa taifa, iliyofanya uchochezi wa chuki za kikabila kuwa kosa.

Lakini sheria ina mpaka wake. Palikuwa na kifungu kingine kilichomfanya mhalifu mtu aliyetuma kwa simu ujumbe wa kuudhi mno au usio wa adabu. Mwezi Aprili 2016 Mahakama Kuu ilikibatilisha, kwa kuwa maneno hayo hayakuwa na maana ya hakika. Mtu hakuweza kujua kabla kama amevunja sheria. Nawe, msomaji, uliyesoma habari za nthoni na za neno mutumia, huoni sababu? Lililo utani kwa rika moja ni aibu kwa mkwe. Serikali yaweza kuadhibu uchochezi na vitisho, lakini haiwezi kumwandikia kila mtu adabu ya kila mkutano. Kazi hiyo hubaki kwa wale walioketi.

Basi uingiapo katika kundi jipya, fanya kama mvulana wa thomeni: soma siku chache kabla ya kuandika, ujue ni moto wa nani. Mwenzako akikosea, mwendee kando kwanza, kama wazee walivyokwenda kando, kabla ya kumwaibisha mbele ya watu mia mbili. Andika kwa jina lako, ili neno lako liwe na mwenyewe. Asiyejibu, usimhukumu mpaka umjue.

Lakini usikubali kamwe adabu itumiwe kuwa kifuniko. Fedha za maji zikipotea, na mtoto wa kike wa kidato cha pili akauliza hesabu iko wapi, atatokea mtu wa kumwambia kwamba watoto hawasemi mbele ya wazee. Huyo atakuwa ameshika nusu moja ya desturi na kuitupa nusu ya pili, kwa maana hata katika nzama mdai alisikilizwa kabla ya shauri kukatwa. Swali la haki, likiulizwa kwa maneno ya staha, si utovu wa adabu, awe ameliuliza nani. Wanawake walioketi Kariokor mwaka 1938 hawakuwa na kigoda katika nzama yoyote, na ng'ombe walikuwa wa nyumba zao pia.